Pampu Tatu za Zein

Mume wangu Zein ana miaka hamsini na tisa, na arubaini kati ya hiyo ameipitisha juu ya boti za mashine. Watu wa gati la Liwatoni wakimtaja, hutaja sikio lake. Wengine huangalia saa za mafuta na za joto. Yeye alikuwa akisikiza. Mara nyingi nilimuona ameshika kikombe cha kahawa barazani petu, hapa Mji wa Kale, boti ya mtu ikapita chini bandarini, naye akasema, "Huyo plagi yake moja imekufa." Jioni tukasikia mwenye boti amevutwa kwa kamba mpaka gatini. Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mimi nisemavyo kuwa wali wa jirani umeungua.

Boti yake ni ya faiba, ya rangi ya samawati, na jina lake ni Tawakal. Hubeba mafundi na vyakula kupeleka meli zilizotia nanga, na siku nyingine watu wa matembezi. Ina ugonjwa mmoja wa siku nyingi: kule tezini, nyuma, bolti za kushikilia mashine zilipopita, faiba imechoka na maji hupenya. Si mengi. Zein huniambia kila chombo huingia maji kama kila nyumba iingiavyo vumbi, na kazi ya mwenyewe ni kufagia. Maji hayo hukusanyika ngamani, chini ya mbao za kukanyagia, na huko ndiko ilikokaa pampu ndogo ya umeme, kama mkebe wa maziwa ya unga. Huyanyonya, huyapitisha kwenye mpira, na kuyatema nje kwa tundu lililo ubavuni.

Pampu hizi huja na swichi ya boya. Maji yakipanda, boya huelea na pampu hujiwasha, yakishuka, hujizima. Zein alizikata nyaya za boya lake zamani, binti yetu Aida akiwa bado mdogo, yuko chuoni anasoma juzuu. Siku hiyo alipanda juu ya meli kutafuta sahihi ya karatasi, na huku nyuma mafuta machafu yakaligandisha boya juu. Pampu ikazunguka mpaka ikaimaliza betri. Aliposhuka mashine haikuwaka, akavutwa mpaka Liwatoni kama wale aliokuwa akiwasema. Walimcheka mwezi mzima. Toka hapo akaweka swichi ya mkono karibu na usukani, akawa awasha na kuzima mwenyewe, kwa sikio.

"Pampu yasema yenyewe," alikuwa akiniambia. "Ikiwa na maji, sauti yake nzito, kama mtu anenaye na tonge mdomoni. Maji yakisha, hulia nyembamba. Hapo waizima. Ukiiacha kavu, hujikaanga."

Pampu moja ilimkalia miaka sita. Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, ikaungua. Akatia nyingine, nayo haikuiona Ramadhani. "Mapampu ya siku hizi ni makopo matupu," alisema, nami nikamuamini, kwa sababu na masufuria ya siku hizi ni hivyo hivyo.

Lakini mimi ni mtu wa kuangalia. Nikilala huhesabu milango niliyofunga. Nikaanza kuona kuwa Zein huenda msikitini kwa kutazama saa, na zamani hakuwa na haja ya saa, maana mnara uko nyuma ya dirisha letu. Nikaona simu yake yaita, yeye yuko kando yake, haiinui mpaka auone mwanga. Mtu akimuuliza jambo, hujibu "alhamdulillahi," jibu lisilokosea mahali pengi. Aida, ambaye yuasoma mambo ya umeme pale chuo kilicho karibu na Buxton, alinambia tukiwa jikoni, "Mama, baba apelekwe akapimwe masikio."

"Nyamaza," nikamwambia. "Usimvunjie babako heshima."

"Heshima gani, mama? Ni masikio."

"Nimekwambia nyamaza."

Siku chache baada ya pampu ya pili kuungua, nilimpelekea funguo alizosahau. Pale Liwatoni alikuwako fundi wake, Kadenge, Mgiriama wa makamo mwenye maneno mengi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameifungua ile pampu kwenye kitambaa. Zein alikuwa ndani ya boti, hatua kumi hivi kutoka kwetu, ametupa mgongo, yuakunja kamba.

"Shikamoo mama Aida," alisema Kadenge. "Njoo uone mishikaki."

Akanionyesha lile panga dogo la ndani, la plastiki, limeyeyuka likawa kama ubani uliotafunwa.

"Hii si kopo," akasema. "Hii imekaangwa. Kama ile ya kwanza. Mzee aliiacha kavu saa nzima."

"Labda alikuwa na shughuli."

Kadenge akanitazama, kisha akamtazama Zein. Hakushusha sauti. Alisema vile vile, kwa sauti ya kawaida ya fundi, "Nahodha! Boti yako inazama!"

Zein akaendelea kukunja kamba.

"Nahodha mlevi wee!" akasema Kadenge, na mume wangu, ambaye hajawahi kuonja hata tembo la mnazi, akaufunga mkia wa kamba vizuri na kuutundika.

Kadenge hakucheka. Alikunja kile kitambaa. "Mimi nimejua tangu mwaka jana," akasema. "Nikitaka kusema naye humzunguka nikasimama mbele. Anasoma mdomo."

Nilikaa juu ya jiwe. Ndipo nilipofahamu jambo lililoninyima usingizi toka siku ile. Kukaanga pampu ni hasara tu. Mtu asiyesikia, pampu nzima na pampu iliyokufa kwake ni kitu kimoja. Huwasha swichi, hasikii kitu, na huendelea na safari yake.

Nilipaswa kwenda kwake pale pale. Sikwenda. Nilimuomba Kadenge atakapotia pampu ya tatu aweke na taa ndogo nyekundu kando ya usukani, iwake pampu ikiwashwa, ili Zein akumbuke kuizima. Nikamwambia asiseme ni shauri langu.

"Nitamwambia ndiyo mtindo wa sasa," akasema. "Lakini mama, sikiza. Taa inasema umeme umefika. Haisemi maji yametoka."

Nilimsikia. Wallahi nilimsikia, wala sitasema leo kuwa hakuniambia. Lakini nilitaka sana kitu kitakachotengeneza mambo bila ya mtu kuaibika.

Zein aliipenda ile taa. Aliporudi nyumbani alinieleza habari zake mara mbili, akinionyesha kwa kidole ukubwa wake, mdogo kama punje ya kunde. "Kadenge kumbe ana akili," akasema. Nikacheka naye.

Baada ya Idi ikaja harusi ya Mzamil, mtoto wa wifi yangu Mwanaesha, dada mkubwa wa Zein. Bibi harusi ni wa Junda, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor. Siku ya kupeleka begi, wanawake wa upande wa mume hulipeleka sanduku la nguo na manukato kwa bibi harusi, kwa nyimbo. Mwanaesha akasema hatakaa kwenye foleni ya daraja la Nyali na jua lote lile. Ana ndugu mwenye boti, tutakwenda kwa maji, na watu wa Junda watashangaa.

Nilijaribu. "Wifi, watu wengine huogopa maji."

"Nani? Wewe?" akasema Mwanaesha. "Umeolewa na nahodha miaka thelathini, hujazoea?"

"Sanduku litarowa."

"Litavikwa nailoni. Una lingine?"

Nilikuwa nalo, lakini lilikuwa haliwezi kusemwa mbele ya shangazi wanne wa mume wangu. Nikanyamaza. Na Aida akavaa nguo yake ya kijani, naye akashuka nasi ngazi za bandari ya kale saa tisa za mchana, amebeba ndoo ya asumini.

Zein alikuwa ameizungusha boti kutoka Liwatoni, kwa upande wa bahari kuu, ambako siku hiyo kulikuwa na mawimbi. Kanzu yake ilikuwa safi, kofia imekaa sawa. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, sanduku moja, na masinia matatu ya halwa, mkate wa mayai na udi. Alimpa kila mmoja mkono wa kupandia. Wote walikaa katikati na omoni, mbele penye hewa. Mimi nikaenda tezini, penye moshi, karibu na lile tundu la kutemea maji.

"Wifi!" akaita Mwanaesha. "Wamlinda mumeo asiibwe? Sisi ni dada zake!"

"Na wengine mashangazi," akasema mwingine, "ingawa kwa umri huu hata tukipewa hatumtaki."

Walicheka, wakapiga vigelegele, tukaondoka.

Tulipita chini ya daraja, wao wakiimba. Mimi nilikuwa nikitazama vitu viwili. Nilitazama ile taa: inawaka. Niliinama nikalitazama tundu: kavu. Nikajiambia, labda ngama haina maji. Lakini kama haina maji, pampu ingekuwa inalia nyembamba, na mimi masikio yangu ni mazima. Niliinamisha kichwa karibu na mbao. Nilisikia mashine, nilisikia matari na nyimbo. Pampu sikuisikia kabisa.

Nilikanyaga ubao kwa nguvu. Maji yakatoka kwenye mwanya yakanirowesha kiatu.

"Baba Aida," nikaita.

Alikuwa amesimama mbele yangu kidogo, ameshika usukani, macho yako mbele penye mikoko.

"Baba Aida!"

Wimbo ulikuwa umefika mwisho wa ubeti, na sauti yangu ikasikika na wote. Wakageuka.

"Zein!" nikaita. Katika ndoa yetu sijapata kumuita kwa jina lake mbele ya watu.

"Makubwa!" akasema mmoja wa mashangazi. "Leo twaitana majina?"

"Kaka, waitwa," akasema Mwanaesha, naye alikuwa hayuko mbali naye hata kidogo. "Kaka! Zein! Mkeo akuita!"

Matari yalinyamaza. Wanawake tisa walikuwa wakiutazama mgongo wa mume wangu, na ule mgongo ulikuwa umetulia, mgongo wa mtu aliyefurahi kuwapeleka jamaa zake harusini. Aida alinitazama mimi, si babake. Sitaki kuandika namna alivyonitazama.

Niliinuka nikamuwekea mkono begani. Akageuka akitabasamu. Kisha akaona nyuso zote zimemuelekea, na tabasamu likamtoka. Nikamuonyesha kiatu changu.

 Alinipa usukani niushike, akainua ubao. Maji meusi yalikuwa yamekaribia ukingo wa kisanduku cha betri. Akazima swichi, taa ikazimika. Akawasha, taa ikawaka, nyekundu vizuri kabisa. Akaingiza mkono mpaka kwapani, akaishika pampu. Alikaa hivyo muda mfupi, akingoja itetemeke. Haikutetemeka.

"Omoni nyote!" akasema kwa sauti kubwa. "Polepole. Mmoja mmoja. Sanduku nalo."

Uzito wa mashine na maji ulikuwa umeitosa tezi, na yale matundu ya bolti yote yalikuwa chini ya maji. Wanawake waliposogea mbele, nyuma ikapanda kidogo. Zein alirudi kwenye usukani, akapunguza mwendo. Zamani kila chombo kilikuwa na upo, bakuli la mbao la kufulia maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje, hata kikiwa kibovu. Wa kwetu uko nyumbani, nautumia kutilia mkaa, kwa sababu pampu ya umeme ipo. Aida akamimina asumini zote baharini, akaanza kufua maji kwa ndoo. Mimi nikachukua bakuli la halwa, nikaitupa halwa kwenye kanga ya mtu, nikafua. Shangazi mkubwa, aliyesema hamtaki, alikuwa akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti, na akikosea anaanza upya.

"Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema Mwanaesha, akipokea ndoo kutoka kwa Aida. Hakuwa akicheka tena. Alikuwa akimtazama ndugu yake.

Tulifika Junda tumerowa mpaka magotini. Wenyeji walikuwa wamejipanga ufuoni na nyimbo. Ndipo nilipoona mambo ya watu wetu. Mwanaesha alikamua ncha ya buibui lake, akatwaa tari, akaimba kushinda siku zote. "Mawimbi yameturushia!" aliwaambia wenyeji. "Bahari nayo yataka kuonja harusi!" Wote wakaitikia. Hakuna hata mmoja aliyesema neno moja juu ya Zein, wala siku ile wala kesho yake. Tulirudi kwa tuktuk, kwa daraja.

Kadenge alikwenda Junda kwa barabara na pampu ya mkono, kumsaidia Zein kuitoa boti maji. Aliponipigia simu jioni aliniambia Zein aliiwasha pampu ya boti alipokuwa akizunguka kutoka Liwatoni, ikayamaliza yale maji ya mawimbi, na ikaendelea kavu mpaka ikaungua. "Taa ilikuwa inawaka," akasema. "Jua la mchana lilikuwa linaipiga, au labda aliiona na akafurahi kuiona, sijui. Alipofika kwenu, pampu ilikuwa maiti tayari."

Kesho yake baada ya sala ya alasiri Zein alikaa kwenye kiti chumbani. Nilisimama mbele yake, mahali ambapo Kadenge husimama.

"Tangu lini wajua?" akaniuliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani. Kadenge alikuita pale Liwatoni, nami nikaona hukusikia."

"Na ile taa?"

"Nilimuomba mimi."

Akaitazama mikono yake. Mafuta yalikuwa bado yamo kwenye kucha.

"Ulijua," akasema, "na ukampandisha Aida."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kuwa nilimlinda yeye, kuwa mashangazi walikuwako, kuwa nilikaa penye moshi ili nitazame. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa kutolewa. Mimi ndiye ninayehesabu milango, na mlango huo niliuona wazi nikapita.

"Nilimpandisha," nikasema.

Alikwangua mafuta ya ukucha mmoja. "Mimi nilijua kabla yako," akasema baadaye. "Mwaka jana, mvua ilinyesha nikaiona kabla ya kuisikia. Nikajiambia ni nta. Nikatia mafuta ya nazi moto. Ilipokuja ile taa nilishukuru Mungu. Nilisema, basi, sasa hakuna atakayejua."

Aida aliingia na chai, akaiweka, akatoka. Toka jana hakuwa amesema nami ila salamu.

Simu ya Zein ikawaka juu ya meza. Alikuwa Nicanor, yule anayepanga mafundi wa meli. Kesho yake alfajiri walikuwa watu saba wa kupelekwa kwenye meli iliyotia nanga. Zein alilitazama jina mpaka mwanga ukazimika. Ukawaka tena.

"Niseme mashine ni mbovu?" nikauliza. "Niseme una homa?"

Alikuwa akiufuata mdomo wangu. "Sema ilivyo," akasema.

Niliishika simu. 

"Bwana Nicanor, mimi mama Aida. Zein hawezi kubeba watu kesho."

"Kuna nini, mama? Mashine?"

"Mashine nzima. Zein hasikii."

"Simu haisikiki? Nikate nipige tena?"

"Simu yasikika. Yeye ndiye hasikii. Masikio yake yamekwenda. Pampu ikifa hatambui, mtu akimuita nyuma hajui. Usimpe watu."

 Nilisikia malori nyuma ya Nicanor, nadhani alikuwa Makupa. Kisha akasema maneno ya pole, na kwamba atatafuta boti nyingine, na kwamba Zein asikate tamaa, kama akipata mtu wa kumsaidia macho na masikio wataongea. Nikamshukuru nikakata.

Zein alikuwa amesogeza kiti.

"Amesemaje?"

Nikamueleza, haraka, kwa sababu nilikuwa nataka kulia. Alisubiri nimalize. Zamani angesema "alhamdulillahi" na kuichukua chai yake.

"Sikupata," akasema. "Rudia. Polepole."

Nikasogea karibu na dirisha, penye mwangaza, nikarudia.